Sentimita tatu za lami nzito juu ya avenyu ya zamani: zinatosha, au zinafunika ubovu tu?

Mjumbe wa Kampemba

Ndugu wahandisi, mafundi na wote mnaoshughulika na barabara, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya mtaa wetu katika komini ya Kampemba, na tumeombwa kutoa maoni kwa maandishi kuhusu ukarabati wa avenyu yetu unaotakiwa kufanyika kabla ya mvua. Avenyu hiyo ina urefu wa kilomita moja hivi na upana wa mita saba. Zaidi ya miaka kumi iliyopita ilitandikwa sentimita tano za lami nzito, yaani kokoto zilizochanganywa zikiwa moto na bitumi (gundi nyeusi itokanayo na mafuta ya petroli), juu ya msingi wa kokoto, na tangu hapo haijafanyiwa lolote isipokuwa kuzibwa mashimo.

Mkandarasi amependekeza kutandaza juu yake tabaka jipya la sentimita tatu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaeleza kwamba njia hiyo inatumika katika nchi nyingi, kwamba ni ya haraka, na kwamba fedha zilizopo zinaitosha. Wakazi wengi wamefurahi. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu avenyu yenyewe haifanani kila mahali. Karibu robo tatu yake imepauka na ina nyufa nyembamba, lakini gari linapita vizuri. Robo iliyobaki, upande wa bohari ambako malori hugeukia, imekatikakatika vipande vidogo, magurudumu yamechimba mabonde mawili marefu, na kila mvua ikinyesha maji hukaa pale mpaka kesho yake, kwa kuwa mtaro umejaa udongo na takataka.

Naomba kujua kama tabaka jembamba la namna hiyo ni matengenezo ya kweli. Na kama ni ya kweli, kamati idai nini kwa maandishi, ili mvua za Novemba zisitukute tumeshapokea kazi ambayo haitadumu?

Mhandisi wa Likasi

Ndugu Mjumbe, umeshagusa kiini cha jambo pale uliposema kwamba avenyu haifanani kila mahali. Jibu langu kwa hiyo lina sehemu mbili: kwa zile robo tatu, tabaka jembamba ni matengenezo ya kweli na huenda ndiyo matumizi bora ya fedha mlizonazo; lakini kwa robo ya upande wa bohari, ni hasara.

Sababu yake iko katika jinsi barabara inavyobeba mzigo. Uzito wa gurudumu hupokelewa na lami, kisha husambazwa na msingi wa kokoto, mpaka unapofika kwenye udongo ukiwa umepungua kiasi ambacho udongo unaweza kukistahimili. Tabaka la sentimita mbili hadi nne haliongezi nguvu ya kutosha katika mnyororo huo kiasi cha kubadilisha hatima ya barabara iliyokwisha kudhoofika. Kazi yake ni nyingine: linazuia maji yasipenye kwenye nyufa, linaikinga lami ya zamani isiendelee kukauka kwa jua na hewa, linarudisha uso laini unaoshika tairi vizuri, na linasawazisha mawimbi madogo. Kwa barabara ambayo mifupa yake bado ni mizima, kazi hizo nne zinatosha kuiongezea miaka saba, kumi, wakati mwingine zaidi. Wafaransa wamekuwa wakitumia matabaka ya sentimita mbili hadi mbili na nusu kwenye barabara zao kubwa tangu miaka ya 1980, kwa hiyo mkandarasi hakudanganya aliposema njia hii inajulikana. Lakini huko hutandazwa juu ya barabara iliyopimwa na kuonekana kuwa bado ina nguvu.

Sasa tazama sehemu ya bohari. Nyufa zinazofungamana na kuigawa lami vipande vidogo, zikiwa kwenye njia ya magurudumu, ni dalili kwamba lami imepindwa na kunyooshwa mara nyingi mno mpaka ikachoka, na aghalabu hilo hutokea kwa sababu msingi ulio chini yake umelegea au umelowa. Ukitandaza sentimita tatu juu ya mahali pa namna hiyo, tabaka jipya litapindwa vilevile kama la zamani, na nyufa zitatokeza juu tena, pengine katika msimu wa kwanza wa mvua.

Uzito wa malori nao usipuuzwe. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 13 inaharibu karibu mara tatu ya ekseli ya tani 10, ingawa imezidi kwa tani tatu tu. Kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli moja ya tani 10 inaichosha barabara sawa na ekseli 160,000 za gari dogo zenye nusu tani kila moja. Sisi tunaoishi kando ya njia inayopeleka shaba Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tunaliona jambo hili kila siku bila kuhitaji hesabu. Katika avenyu yenu, zile robo tatu zinapitwa hasa na teksi, pikipiki na magari ya wakazi. Kule bohari ni mahali tofauti kabisa, ingawa jina la avenyu ni moja.

Kwa hiyo dai la kwanza liwe kupimwa kwa barabara kabla ya lami kuagizwa. Kuna kifaa cha zamani na rahisi kinachoitwa boriti ya Benkelman, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950: lori lililopakiwa uzito unaojulikana husimama juu ya lami, ncha ya boriti huwekwa kati ya magurudumu ya nyuma, kisha lori huondoka na fundi anasoma barabara imeinuka kwa sehemu gani ya milimita. Pale ambapo kipimo kinakaribia milimita moja au kuipita, msikubali tabaka jembamba peke yake. Kama boriti haipatikani, basi yachimbwe mashimo madogo mawili matatu ya majaribio mpaka chini ya msingi, ili kila mtu aone unene halisi wa lami, hali ya kokoto, na kama udongo umelowa.

Mama wa Avenyu

Mimi si mhandisi, nina duka kando ya barabara katika komini nyingine ya Lubumbashi, lakini naomba jambo moja liongezwe kwenye barua yenu. Kila mara barabara yetu ilipotandikwa lami juu ya lami, ilipanda, wakati vizingiti vya nyumba na maduka vilibaki palepale. Leo ukingo wa barabara umebaki wa vidole viwili, na mvua kubwa ikinyesha maji hayashuki tena mtaroni, yanaingia viwanjani. Vifuniko vya mashimo ya mifereji navyo vilibaki chini, vikawa mashimo mapya ambamo pikipiki huanguka usiku.

Sentimita tatu zinaonekana ni kidogo kwa mtu anayesoma karatasi. Kwa mtu ambaye mlango wake uko sawa na barabara, ni nyingi. Ulizeni kabla ya kazi ni nani atakayeinua vifuniko, na kama pembeni watakwangua lami ya zamani ili ile mpya ikutane na ukingo bila kupanda.

Fundi wa Finisha

Nakubaliana na Mama, na nakubaliana na Mhandisi juu ya kuigawa avenyu. Mimi nimefanya kazi ya kutandaza lami kwa finisha, yaani mashine ya kutandazia, na kuishindilia katika Katanga hii kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumzia mikono, kwa sababu tabaka jembamba linaweza kuwekwa mahali sahihi kabisa na bado likaharibika kutokana na namna lilivyotandazwa.

Adui wa kwanza ni ubaridi. Lami nzito hushindiliwa ikiwa moto. Ikishapoa chini ya nyuzi 80 hivi, rola inapita juu yake bila kuikaza. Tabaka jembamba hupoteza joto kwa kasi isiyolingana na unene wake: ukipunguza unene kwa nusu, muda wa kushindilia haupungui kwa nusu, unapungua karibu mpaka robo. Tabaka la sentimita sita linakupa nafasi ya kupanga rola zako kwa utulivu. La sentimita tatu linakupa dakika chache, na kama kuna upepo, chache zaidi. Ndiyo maana rola lazima ifuate nyuma ya finisha mara moja, finisha isisimamesimame kusubiri malori, na malori yafunikwe maturubai tangu kiwandani. Mnaposimamia kazi, angalieni jambo hilo hata kama hamna kipimajoto: ukiona finisha imesimama nusu saa na lami imebaki wazi nyuma yake, pale patakuwa na udhaifu.

Kwa sababu hiyo pia msikubali kazi ianze asubuhi na mapema ya Juni au Julai. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na watu wa nje hawajui jinsi asubuhi zetu za kiangazi zilivyo na baridi. Uso wa barabara ukiwa chini ya nyuzi 10, tabaka jembamba halishiki. Wakati mzuri ni kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua likiwa kali na mvua bado.

Adui wa pili ni kutoshikamana. Sentimita tatu haziwezi kujisimamia zenyewe. Nguvu yao yote inatokana na kugandamana na lami ya chini kiasi cha kuwa kitu kimoja. Uso wa zamani ufagiliwe na kupulizwa mpaka vumbi jekundu lote liishe, na hapa kwetu kazi hiyo si ndogo. Kisha upuliziwe emulsheni ya bitumi, yaani bitumi iliyochanganywa na maji, kwa usawa, kiasi kwamba baada ya maji kutoka zibaki gramu 250 hadi 300 za bitumi kwa kila mita ya mraba. Emulsheni inamwagwa ikiwa ya kahawia. Ikigeuka nyeusi ndipo maji yametengana nayo, na hapo tu ndipo lami itandazwe. Nimeona mahali walipoacha hatua hii ili kuokoa bitumi, na baada ya miezi michache, kwenye kona na karibu na vituo ambako magari hufunga breki, lami ikateleza na kupasuka nyufa za upinde, mpaka ukaweza kuinua kipande kizima kwa mkono na kukuta vumbi chini yake.

Tatu, muulizeni mkandarasi kokoto kubwa kabisa katika mchanganyiko wake ina milimita ngapi. Jiwe kubwa lisizidi theluthi moja ya unene wa tabaka. Kwa sentimita tatu, basi, ni milimita 10 na si zaidi. Mawe makubwa katika tabaka jembamba hukwama chini ya bamba la finisha na kuburutwa, yanaacha mikwaruzo, na rola ikipita juu yake yanavunjika badala ya kukaa. Na rola yenyewe, itumike bila mtikiso mkali, kwa sababu mtikiso kwenye tabaka jembamba huvunja kokoto.

Njia ya Kolwezi

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mmeacha njia moja. Kama zile robo tatu zina nyufa nyembamba tu na kupauka, kwa nini wasiweke lami nyepesi, yaani bitumi inayomwagwa na kufunikwa kokoto, mara moja au mara mbili? Inaziba maji vilevile, haipandishi barabara karibu hata kidogo, inatumia bitumi kidogo, na haihitaji kiwanda cha lami moto. Fedha zitakazobaki zingeweza kulijenga upya lile eneo la bohari. Tukumbuke kwamba bitumi yote tunayotumia inatoka nje ya nchi na kufika Katanga kwa malori, kwa hiyo kila tani inayookolewa ina maana.

Mhandisi wa Likasi

Ndugu wa Kolwezi, hoja yako ni nzito na ninaipa nafasi. Tuiweke katika hesabu. Kilomita moja yenye upana wa mita saba, kwa unene wa sentimita tatu, ni mita za ujazo 210, ambazo zikishashindiliwa zina uzito wa tani 490 hivi. Ikiwa bitumi ni asilimia tano na nusu ya mchanganyiko, mnahitaji takriban tani 27 za bitumi. Lami nyepesi ya safu mbili, kwa kilo tatu hivi za bitumi kwa kila mita ya mraba, ingehitaji tani 21. Akiba ipo, lakini kwa upande wa bitumi si kubwa kama wengi wanavyodhani. Akiba kubwa iko kwenye kokoto, mafuta ya kiwanda na mitambo.

Ninachokihofia kwa avenyu ya mjini ni mambo mawili. Kokoto za lami nyepesi hurushwa na magari katika siku za kwanza, na pale ambapo watu wanatembea bega kwa bega na magari na meza za biashara ziko kando, hilo ni hatari ya kweli. Pili, lami nyepesi haisawazishi chochote: viraka vya zamani vilivyopanda na kushuka vitabaki hivyo hivyo. Kama barabara ingekuwa ya kwenda shambani ningekuunga mkono bila kusita. Kwa Kampemba bado nachagua lami nzito nyembamba, lakini mtu mwenye kuchagua kinyume changu hajakosea, mradi maji yazuiwe.

Kuhusu kokoto, naongeza jambo ambalo huku kwetu mara nyingi linasahauliwa. Mawe mengi tunayosaga katika eneo hili ni ya chokaa na dolomiti. Yanashikamana vizuri sana na bitumi, lakini yale laini husuguliwa na matairi mpaka yanang'aa, na barabara inakuwa telezi mvua ikinyesha. Ndani ya tabaka la chini hilo si tatizo. Katika tabaka la juu, hasa kwenye mteremko au kabla ya njia panda, ombeni jiwe gumu zaidi, na ombeni matokeo ya maabara kuhusu usuguaji wake.

Mjumbe wa Kampemba

Nawashukuru Mama, Fundi na ndugu zangu wote. Nimerudi kwa mkandarasi na maswali yenu. Amekubali kuchimba mashimo mawili ya majaribio. Kwenye sehemu nzuri tulikuta lami sentimita tano kamili na kokoto kavu zilizokazana. Kule bohari tulikuta lami sentimita nne, na msingi umechanganyika na udongo, umelowa ingawa mvua haijanyesha kwa miezi kadhaa. Inaonekana kuna bomba la maji linalovuja kando yake. Kuhusu mchanganyiko, alisema kiwanda chake kinatoa lami ya kokoto ya milimita 14 na kwamba hawezi kuubadilisha kwa kazi ndogo. Anapendekeza sasa kutandaza sentimita sita kule bohari bila kuchimba, na sentimita tatu kwingine. Je, tukubali?

Fundi wa Finisha

Kwa milimita 14, sentimita tatu haziwezekani kwa kazi nzuri. Ama aubadilishe mchanganyiko uwe wa milimita 10, ama unene uongezwe mpaka sentimita nne na nusu hivi, na hapo gharama inapanda kwa nusu nzima na hoja ya Mama kuhusu vizingiti inakuwa kubwa zaidi. Kubadilisha mchanganyiko kiwandani kunahitaji kuchekecha kokoto upya na kufanya majaribio ya maabara. Ni kazi ya siku kadhaa, si jambo lisilowezekana. Msimamieni hapo.

Mhandisi wa Likasi

Na kwa bohari, ndugu yangu, sentimita sita juu ya msingi uliolowa si jibu. Ni lami mara mbili juu ya matope yale yale. Anzeni na bomba: shirika linalohusika na maji lilizibe kabla ya chochote. Kisha lami iliyokatikakatika iondolewe, msingi uliochanganyika na udongo utolewe mpaka mfike kwenye udongo mgumu, ujazwe kokoto mpya kwa matabaka yasiyozidi sentimita ishirini kila moja yakishindiliwa, na mtaro uzibuliwe na kupewa mteremko wa kupeleka maji mahali yanapoweza kutoka. Baada ya hapo ndipo sentimita tano au sita za lami ile ile ya milimita 14 ziwekwe, na hapo zitakuwa mahali pake.

Ikiwa fedha hazitoshi kufanya yote mwaka huu, mpangilio ninaoupendekeza kwenu unaweza kuwashangaza wakazi: fanyeni kwanza bomba, mtaro na tabaka jembamba kwenye sehemu nzuri, na kule bohari wekeni kwa muda kokoto zilizoshindiliwa vizuri mpaka msimu ujao. Kishawishi cha kila mahali ni kukimbilia palipoharibika zaidi kwa sababu ndipo panapolalamikiwa. Lakini palipoharibika kabisa hapana cha kupoteza tena. Gharama yake mwaka ujao itakuwa karibu ile ile. Zile robo tatu ndizo zenye haraka, kwa kuwa nyufa zao nyembamba zikipokea mvua mbili tatu za msimu, maji yatafika kwenye kokoto ambazo leo mmezikuta kavu, na kazi ya sentimita tatu itageuka kuwa kazi ya kuchimba.

Mama wa Avenyu

Kama mtaacha kokoto tupu upande wa bohari, andikeni pia kwamba zimwagiwe maji mara kwa mara wakati wa kiangazi. Vumbi lake huingia kwenye unga tunaouza.

Mjumbe wa Kampemba

Nitaliandika, Mama. Kikao chetu na komini ni Jumatano. Barua itadai kipimo cha boriti au mashimo zaidi ya majaribio kila mita mia mbili, mchanganyiko wa milimita 10 wenye karatasi ya maabara, emulsheni kupuliziwa mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, pembeni kukwanguliwa, vifuniko kuinuliwa, na bomba kuzibwa kabla ya lori la kwanza la lami kufika. Fundi, kama una muda, naomba uniandikie jinsi ya kuangalia usiku huo huo kama tabaka limeshikamana.

Fundi wa Finisha

Usiku huo huo hautaweza, kwa sababu lami bado ina joto na inadanganya. Subiri siku chache, kisha mwambie mkandarasi atoboe vipande vya mviringo kwa mashine ya kutobolea, vitatu au vinne kwa avenyu nzima, na mahali pa kutoboa pachaguliwe na mjumbe wa kamati yako, si na mkandarasi. Kipande kikitoka kizima, lami mpya na ya zamani zikiwa zimeshikana, shika juu na chini na ujaribu kukizungusha kwa mikono. Kikiachana kwenye mstari wa kukutania, tazama uso wa ndani: ukiona vumbi, hawakufagia, ukiona pakavu bila weusi wa bitumi, emulsheni ilikuwa kidogo. Pima pia unene kwa rula palepale, na hakikisha mashimo hayo yanajazwa lami moto na kukazwa kabla hamjaondoka.